Vichwa Mia na Tisa

Jumatatu, 10 Juni

Imefika! Mashine ya CT, ya kupiga picha za ndani ya kichwa, imeshushwa saa tatu asubuhi, imeviringishwa maturubai mpaka huioni, na nyuma ya lori lake foleni ya malori ya miwa inapiga honi kuanzia lango la hospitali yetu hadi kiwandani. Nimeisubiri miaka kumi na tisa. Nilianza hapa kwa kufagia wodi, nikahamia chumba cha giza kusuuza filamu za eksirei, mikono ikinuka dawa hadi watoto wangu wakawa hawali mkate nilioukata mimi. Cheti nilisoma kwa posta. Diploma nilisoma kwa intaneti ya jirani, na jirani alinisimanga kila alipopata nafasi. Leo ufunguo wa chumba cha mashine uko mfukoni mwangu.

Halafu ikaja barua. Imeandikwa kwa Daktari Nitesh Padarath, mkuu wa dharura, ambaye ana miezi minne hapa na bado anauliza choo kiko wapi. Nimeisoma mara tatu. Mimi, Ulamila, simo.

Sharti ni hili. Wafadhili wametukopesha mashine kwa msimu mmoja wa miwa, mwisho tarehe 30 Novemba. Kila aliyeumia kichwa na anayestahili picha atahesabiwa. Katika kila kumi, tisa wawe wamepigwa picha ndani ya saa moja tangu wavuke mlango. Tukifikisha, inabaki. Tusipofikisha, inafungwa upya na kwenda kisiwa kingine, nasi tunarudi kulekule: mtu anavuja damu ndani ya fuvu, sisi tunangoja ndege ya kumpeleka Suva, mji mkuu, na ndege inangoja mawingu yaondoke.

Nimenunua daftari. Hesabu nitaishika mimi, barua iseme itakavyo.

Jumanne, 18 Juni

Mgonjwa wa kwanza! Mkata miwa, kaangukiwa na mzigo kutoka juu ya lori. Dakika thelathini na nne tangu mlangoni. Nilibonyeza, kitanda kikaingia kwenye tundu, nikahesabu hadi kumi na moja, na ubongo wa binadamu ukaanza kujipanga mbele yangu kipande kwa kipande. Ulinyooka, ulilingana pande zote, hapakuwa na tone la damu. Nilitamani kupiga kigelegele.

"Salama huyu," nikasema.

Daktari Padarath akakohoa. "Dada Ula, kazi yako ni kupiga. Msomaji wa picha yuko Brisbane, Australia."

Msomaji wa Brisbane alijibu baada ya dakika arobaini: salama. Nilimtazama tu daktari mpaka akageukia ukutani.

Chakula cha mchana sikula. Samaki wangu wa tui la nazi kachukuliwa na Isimeli, msukuma machela. Huyu ni mtani wangu. Watu wa kisiwa chao na sisi wa huku tunataniana tangu mababu, kwa hiyo akikitaka kitu changu anabeba, nami siruhusiwi hata kununa.

"Ula, usije ukaingia humo," akaniambia, mdomo umejaa samaki wangu. "Itaandika: hapa hapana kitu."

"Ukiingia wewe itaonyesha samaki."

Mvivu yule. Ulimi ndio unaofanya kazi kuliko mikono.

Jumamosi, 13 Julai

Raga. Vichwa vitatu kabla ya saa kumi jioni. Vyote ndani ya saa, vyote salama. Mmoja aliniuliza kama picha imeonyesha kwamba mpira ule haukuwa nje.

Jumatano, 31 Julai

Moshi wa mashamba yanayochomwa umetanda, nguo kwenye kamba zina madoa meusi. Nimefunga hesabu ya mwezi. Vichwa 31, waliopigwa picha ndani ya saa moja: 25. Asilimia themanini na nukta sita. Hatufiki.

Nikawachambua sita waliochelewa. Mmoja umeme ulikatika. Watano waliobaki sababu ni moja, na imeandikwa kwa mwandiko wa daktari: *amelewa, angojwe azinduke*. Wengine bia, wengi yaqona, kinywaji chetu cha mizizi. Na yaqona tunaijua sote hapa. Mtu akishinda bakulini macho yanalegea, ulimi unakuwa mzito, miguu haina mwenyewe. Hata aliyevunjika fuvu yuko hivyohivyo. Utawatenganishaje kwa kuwatazama?

Nikampelekea daftari.

"Dada Ula, mionzi si peremende," akasema. "Nikimpiga picha kila mlevi wa kisiwa hiki, nitakuwa natibu au nafanya maonyesho?"

"Sijasema kila mlevi. Nimesema mlevi aliyejigonga."

"Wengi wakilala saa mbili wanaamka wazima."

"Watatu wameamka wazima. Wawili hawakuamka, na tulipowapiga picha ilikuwa na damu. Wawili kwa watano, daktari. Wewe ungepanda ndege inayoanguka mara mbili katika safari tano?"

Akalichukua daftari. Na mimi nikaondoka bila kuaga, maana nilijua linakwenda kulala kwenye droo.

Jumatatu, 5 Agosti

Halikulala kwenye droo! Leo asubuhi karatasi imebandikwa mlango wa dharura, imepigwa chapa: *Aliyejigonga kichwa na amekunywa chochote, picha kwanza. Asingojwe azinduke.* Chini ameweka sahihi.

"Nimezihesabu upya mara mbili," akaniambia. "Nilitaka nikukute umekosea."

"Ukanikuta?"

"Tarehe moja. Umeandika kumi na tisa badala ya kumi na nane."

Nimeirekebisha. Mtu anayehesabu mara mbili huyo naweza kufanya naye kazi.

Ijumaa, 23 Agosti

Vichwa viwili. Dakika 28, dakika 41.

Jumapili, 8 Septemba

Nisameheni mwandiko, naandika kwa haraka ya furaha.

Saa nne na nusu asubuhi aliletwa mama mmoja na sare yake ya kwaya. Aliteleza kwenye ngazi za kanisa, akagonga kisogo, akainuka, akaimba beti mbili nzima, kisha akakaa chini na kuanza kuongea mambo yasiyoeleweka. Dakika kumi na saba tangu mlangoni hadi picha. Kumi na saba! Na hiyo hapo, upande wa kulia, kitu cheupe chenye umbo la lenzi, kimeusukuma ubongo hadi mstari wa katikati umepinda.

Sikumngoja mtu wa Brisbane. Nikasema kwa sauti, "Damu kati ya fuvu na utando. Inasukuma."

Daktari Padarath alisimama nyuma yangu. Nilijua kitakachofuata. Kumbe hakikufuata. Akashika simu, akamwita daktari wa upasuaji moja kwa moja: "Mpiga picha wangu ameona damu, nami naiona. Tayarisha chumba." Brisbane walipojibu, mama alikuwa tayari ametobolewa fuvu tundu dogo la kutolea damu.

Jioni alifungua macho na kuuliza nani alimalizia wimbo.

Jumatatu, 30 Septemba

Vichwa 71, ndani ya saa moja: 63. Asilimia 88.7. Tunapanda!

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua ya kwanza. Malori yanazama kwenye tope, wakataji wanatukana, barabara ya juu imefungwa. Kichwa kimoja kilikuja kwa trekta. Hata hivyo dakika 52.

Alhamisi, 31 Oktoba

Vichwa 93, ndani ya saa moja: 84. Asilimia 90.3. TUMEVUKA. Nilimwonyesha Isimeli, akanyanyua machela tupu kichwani na kucheza nayo korido nzima hadi muuguzi mkuu akamfokea. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Jumamosi, 23 Novemba

Naandika haya yote kama yalivyokuwa.

Leo tulikuwa wachache. Karani wa mlangoni kanyeshewa, barabara imemkwamisha, hivyo nikakaa mezani kwake kupokea watu. Hesabu ya asubuhi ilikuwa vichwa 105, ndani ya saa moja: 95.

Saa saba na dakika arobaini mchana, gari la kijiji chetu likaingia. Wakamshusha Ratu Kitione, turaga wetu, yaani mkuu wa kijiji, aliyembariki mama yangu siku ya kuzikwa na mimi siku ya kuolewa. Walikuwa wametoka kwenye matanga, bakuli la yaqona limezunguka tangu alfajiri. Macho yake mazito, maneno mazito, miguu inaburuzwa na vijana wawili.

Nikafanya kama nilivyolelewa. Nilishuka kitini, nikakaa chini sakafuni, nikapiga makofi matatu ya heshima. Sikumtazama usoni. Nikamuuliza mpwa wake, Mosese, maana turaga haulizwi moja kwa moja: "Amejigonga?"

"Jana aligongwa kidogo na muwa uliotokeza kwenye lori," Mosese akajibu kwa sauti ya chini. "Mwenyewe alicheka. Leo ni bakuli tu, dada."

Amejigonga. Amekunywa. Karatasi iko mlangoni, futi nne kutoka nilipokaa, na maneno yale yametoka kwenye daftari langu. Kichwa cha turaga hakiguswi, hata mkono haupiti juu yake bila kuomba radhi, na mimi nani nikipapase kutafuta uvimbe? Nikasema, "Yaqona hii. Apumzike kwenye kitanda cha pembeni." Nikaandika saa: 7:40. Nikarudi kwenye karatasi zangu, na nakiri, nilifurahi kwamba nimemstahi mbele ya watu.

Saa tisa na dakika ishirini Daktari Padarath akapita. Yeye ni mtu wa Suva, babu zake walikuja kutoka India kukata miwa, na hajui turaga wetu ni nani. Aliomba radhi kwa haraka, akainua kope la kwanza, akainua la pili, akanigeukia.

"Yaqona inalegeza macho yote mawili. Mboni moja imepanuka, nyingine haijapanuka. Alijigonga?"

"Jana," nikasema.

Hakunifokea. Ingekuwa afadhali angefoka. "Mpeleke," akasema.

Kwenye chumba changu balaa likawa jipya. Ratu Kitione alianza kutapatapa, kichwa huku, kichwa kule. Picha ya kichwa kinachocheza ni ukungu mtupu. Lazima kiwekwe kwenye kikombe cha plastiki, ukanda upite kwenye paji la uso. Nilipoinua ukanda tu, Mosese na wenzake wakasimama kati yangu na kitanda.

"Dada Ulamila, wewe ni wa kwetu. Utamfunga turaga kichwa kama mbuzi?"

"Mosese, damu imo ndani."

"Aamke kwanza, atoe ruhusa mwenyewe."

"Hataamka kwanza!" Daktari alipiga kelele. Hawakusogea. Wanene wote watatu, wachezaji wa raga wa mstari wa mbele.

Mlango ukapigwa teke. Isimeli. Hakuinama, hakuomba radhi, aliingia kifua mbele kama mwenye nyumba aliyekuta wapangaji jikoni.

"Nani hawa wamesimama kama mihogo? Nimekuja kuchukua mali yangu."

"Mali gani?" Mosese akasema.

"Kichwa hicho. Babu zangu walikidai, babu zenu wakajificha msituni. Leo nakichukua. Mnaninyima?"

Mmoja wa wale vijana, bila kutaka, akacheka puani. Nami nikaelewa kabla yao. Mtani akidai, hanyimwi. Hana heshima ya kuvunja, kwa sababu hatukumpa wala yeye hakutupa tangu dunia hii ianze.

"Kichukue basi," Mosese akasema, macho yamejaa machozi, "na masikio yake makubwa."

"Masikio nawaachia, mtatengenezea tanga la ngalawa." Na huku akitukana, mikono ya Isimeli ilikishika kichwa kile kama mtu anayebeba yai. Akakilaza kwenye kikombe, akapitisha ukanda, akamnong'oneza mzee, "Tulia, mzee wa mihogo, mwenye mali nipo." Ratu Kitione akatulia. Mimi nikakimbilia nyuma ya kioo cha kinga nikabonyeza.

Saa tisa na dakika arobaini na tano. Picha safi. Damu upande wa kushoto, nene kama kidole gumba, umbo la mwezi mwandamo, ubongo umebanwa upande mmoja.

"Inasukuma," nikasema.

"Naona," daktari akasema, na tayari alikuwa anakimbia.

Dakika mia na ishirini na tano. Mia kati ya hizo alilala kwenye kitanda nilichompa mimi.

Jumapili, 24 Novemba

Amefungua macho! Amekunywa maji, amebana mkono wa kulia, amebana na wa kushoto. Amemwita Isimeli mwizi. Watu wa kijiji wamejaa uani wanaimba, mvua inawanyeshea na hawajali. Mimi nilienda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi kazini.

Jumatatu, 25 Novemba

Vichwa 106, ndani ya saa moja: 95. Asilimia 89.6.

Isimeli alichungulia daftari begani kwangu. "Andika alifika saa tisa na ishirini, daktari alipomwona. Nani alitazama saa?"

"Mimi niliitazama."

"Ula, ni kichwa kimoja."

"Ndiyo. Na ni cha nani?"

Nilimdhania mvivu msimu mzima, lakini aliinamisha uso, akaniletea chai bila kuinywa mwenyewe.

Nimepiga hesabu. Wakija wanne na wote wawe ndani ya saa, itakuwa 99 kwa 110. Asilimia tisini kamili.

Jumanne, 26 Novemba

Mmoja. Dakika 30.

Jumatano, 27 Novemba

Mmoja. Dakika 22. Bado wawili.

Alhamisi, 28 Novemba

Hakuna. Kiwanda kimesaga lori la mwisho, honi imelia dakika nzima. Wakataji wanarudi kwao na vichwa vyao vizima.

Ijumaa, 29 Novemba

Mmoja. Dakika 19. Bado mmoja.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimekaa mlangoni tangu saa moja asubuhi. Kila gari likipunguza mwendo nasimama. Saa nane nikajishtukia: mwanamke mzima, mfanyakazi wa hospitali, namwombea mtu nisiyemjua ajigonge. Nikaona aibu.

"Chukua nyundo," Isimeli akasema, akavua kofia. "Nigonge mimi. Polepole lakini."

"Wewe mashine itasema hapana kitu, huhesabiwi."

Tulicheka hadi Daktari Padarath akatoka kuuliza kuna nini. Tulipomwambia, akaketi kwenye ngazi pamoja nasi. Tukangoja watatu. Hakuja mtu.

Vichwa 109. Ndani ya saa moja: 98. Asilimia 89.9.

Nimeituma hivyohivyo. Nimeongeza ukurasa mmoja kuhusu kichwa cha kumi na moja kilichochelewa. Nimeandika: *Kosa ni langu, Ulamila. Nilijua sheria, niliipendekeza mimi, lakini nilimjua mgonjwa zaidi. Napendekeza tangu sasa: mgonjwa wa kichwa asipokelewe na mtu wa kijiji chake. Akiwa turaga, aitwe mtani wake, na jina la mtani wa zamu liandikwe ubaoni pamoja na la daktari.* Padarath alisoma, akataka kalamu. Nilidhani ataufuta. Aliandika chini yake: *Nimekubali. Na mwenye hesabu hii yote ni yeye.*

Ijumaa, 6 Desemba

Maturubai yameletwa, yako uani chini ya paa la jenereta. Kimya kutoka kwa wafadhili. Vichwa viwili leo, vyote ndani ya saa. Hakuna anayehesabu tena isipokuwa mimi.

Jumanne, 10 Desemba

Saa tano asubuhi. Fundi wa umeme kaanguka kutoka kwenye nguzo, dakika ya kumi na nne, nimeshamfunga ukanda. Padarath akatokeza kichwa mlangoni, simu mkononi, kaifunika kwa kiganja, uso umewaka kama wa mtoto siku ya Krismasi.

"Inabaki! Ula, inabaki! Wamesema nukta moja ya asilimia hawaihitaji, wanahitaji ule ukurasa. Wanataka kuupeleka visiwa vyote. Wako kwenye simu."

Koridoni nilisikia machela ikigonga ukuta na Isimeli akipiga ukelele wa vita wa kwao.

"Ongea nao basi," nikasema. "Barua zao ni zako."

"Hawanitaki mimi. Wamesema: tupe Ulamila."

Nilitazama kupitia kioo. Kitanda kilikuwa kinaingia kwenye tundu.

"Waambie wangoje," nikasema. "Nina kichwa mezani."